Kiduara Kitupu cha Mama Odilia

Juzi Jumamosi Mama Odilia kanifuata Kibondo. Kapanda gari Kasulu asubuhi, ndoo ya asali kaipakata njia nzima kama mtoto mchanga, na alipofika chumbani kwangu akakataa kiti. Kakaa kitandani, kavua viatu, kaangalia kompyuta yangu pale mezani, akauliza, "Bado unaandika vile vidoti?" Nikamwambia bado. "Na kufunga, siku hizi unafunga?" Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimpa ugali wa muhogo na maharage, akala, akasifia, akalala kidogo. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kile kiti alichokikataa, nawaza ule mwaka. Alipoondoka jioni nikatoa daftari zangu za zamani chini ya kitanda. Zote nilizijaza Kasulu, mwandiko umelala kama mtu anayepanda mlima. Nina miaka ishirini na sita, najua kuna watakaosema kumbukumbu ni za watu waliong'oka meno. Mimi subira ya kungoja meno yang'oke sina. Na ya nyumbani kwetu sitayaandika hapa, maana siyo yaliyonifundisha kazi hii. Nitaandika ule mwaka mmoja tu, na chumba kimoja, na wanawake wawili.

Chumba chenyewe kilikuwa steshenari ya Bi Mwanaidi, Kasulu mjini, ukishuka kutoka sokoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kusubiri ndiyo kitu nisichokiweza. Bi Mwanaidi ni mtu wa Tanga. Mumewe alikuwa muuguzi, serikali ikamhamishia huku, naye akaja na mashine ya fotokopi na makoti mawili, maana aliambiwa Kasulu kuna baridi. Tulielewana hivi: nafagia, natoa fotokopi, nalala chumba cha nyuma, naye ananifundisha kompyuta. Mpaka leo nikisikia harufu ya wino wa printa natamani chai ya tangawizi, kwa sababu vile vitu viwili pale ndani vilikuwa harufu moja. Dari lilikuwa na doa la mvua lenye umbo la kuku. Ukutani palitundikwa kitambaa cha buluu cha kupigia picha za pasipoti, na nyuma ya kitambaa kulikuwa na mlango wa jikoni, kwa hiyo wateja walikaa pale wanyoofu, uso mzito, huku mgongoni kwao vitunguu vinakaangwa. Wengine walitoka kwenye picha wanameza mate.

"Editha," Bi Mwanaidi aliniambia wiki ya kwanza, "mbona watembea kama uliyekimbizwa na nyuki?"

"Nawahi, Bi Mwanaidi."

"Wawahi wapi, na duka lenyewe hatua nne? Nyie Waha mwanishangaza. Kusalimiana nusu saa, mwakeye, mwakeye, mpaka ng'ombe wa jirani muulize hali yake. Halafu kazi mwataka iishe kabla haijaanza."

Nilinuna. Lakini kwenye daftari la siku ile nimeandika, "Amesema kweli ila asingesema mbele ya mteja."

Somo la listi, yaani kupanga orodha kwenye ukurasa wa mtandaoni, Bi Mwanaidi alinifundisha kwa sinia. Nakumbuka vizuri kwa sababu siku ile kaka yake wa Tanga alikuwa amemtumia nazi tatu, na moja ilikuwa imekunwa, wali unanukia, na mimi kichwa hakikai. Bi Mwanaidi kaleta sinia la chai, kaliweka kati yetu, kando ya kibodi. "Hii ndiyo `<ul>`," akasema. "Waitandika kwanza. Kisha waweka vikombe. Kila kikombe ni `<li>`. Kimoja, kingine, kingine. Ukimaliza, waondoa sinia, ndiyo mkwaju, kile kistari cha mshazari, na `ul`. Usipoondoa, atakayekuja nyuma atadhani bado wakaribisha." Nikaandika kwenye notipadi asali, nta, tangawizi, maharage, nikahifadhi, nikafungua, na kweli: vitu vinne vimesimama mstari, kila kimoja na kidoti cheusi mbele yake, kama watoto wa darasa la kwanza wamejipanga. Nilipiga kelele. Mteja wa fotokopi akashtuka. Sijui nikuelezeje wewe ambaye umezaliwa na simu mkononi, lakini mimi nilikuwa nimeandika maneno yenye kona kona, na kompyuta ikanielewa.

"Sasa je," nikamuuliza, "ukitaka chini ya asali uandike aina zake?"

"Watandika sinia dogo ndani ya kikombe cha asali."

"Nani anaweka sinia ndani ya kikombe?"

"Mwenye wageni wengi. Ila hilo dogo nalo ulifunge kabla hujarudi kwenye lile kubwa. Wasikia? Utafunga." Akanionyesha. Vya nje vilikuwa na kidoti cheusi. Vya ndani vilisogea kulia kidogo, na kidoti chao kilikuwa kitupu katikati, kiduara tu. Ukiingia ndani zaidi unapata kimraba. Niliona ni urembo. Wali ukaiva, tukala, nikasahau nusu ya maneno yake.

Mwezi wangu wa tatu pale dukani ndipo walipokuja watu wawili kutoka upande wa Nyakitonto, wametumwa na kikundi chao cha wafugaji nyuki. Mzee Ruhaga, mwenyekiti, koti la suti juu ya kanzu ya kazi, na Mama Odilia, katibu, kwa kuwa ndiye aliyesoma kuliko wenzake. Walikaa kwenye benchi letu moja na kuacha katikati yao nafasi ya kukaa mtu mnene. Mnunuzi wa Dar alikuwa amewaambia kwa simu kwamba anataka ukurasa wa mtandaoni, aone wanakikundi wote na kila mmoja anauza nini. Bi Mwanaidi akasema hiyo kazi ataifanya Editha. Nilijiona nimekua ghafla.

"Wa kwanza niandike mimi," Mzee Ruhaga akaanza.

"Wa kwanza ni yule aliyejiandikisha kwanza," Mama Odilia akasema bila kumgeukia. "Daftari la kikundi ninalo."

"Shemeji yangu huyu mkali, mnamwona?"

"Mimi ni katibu."

Nikajua kuna jambo. Bi Mwanaidi akalidaka lote jikoni, maana Mama Odilia alimfuata kuomba maji, na mimi masikio yangu yalikuwa nyuma ya kile kitambaa cha buluu. Mume wa Mama Odilia alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kaacha sehemu msituni, miti ya miyombo, na mizinga juu yake. Tangu hapo mjane ndiye aliyekwea miti ile, ndiye aliyerina, akaongeza na mizinga yake mpya. Sasa Mzee Ruhaga, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa anasema ile sehemu ni ya ukoo, na mjane aliyebaki yuko chini ya mkono wake, kwa hiyo mizinga nayo iko chini ya mkono wake. Kesi ilikuwa kwenye baraza la kijiji. "Akishinda," Mama Odilia akasema, "nitarina asali kwa ruhusa yake kwenye mti niliokwea mimi na moshi mkononi." Bi Mwanaidi akasema, "Pole, mwenzangu." Nikasikia kikombe kinawekwa.

Siku ya kukabidhi kazi ilikuwa ya haraka, au niseme mimi ndiye niliyeifanya iwe ya haraka. Umeme ulitangazwa kukatika saa sita. Gari la Nyakitonto lilikuwa linapiga honi barabarani. Mzee Ruhaga kasimama mlangoni anaangalia saa. Wanakikundi walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja jina lake, na chini ya jina sinia dogo la anachouza. Nilikuwa nimefika majina mawili ya mwisho, Mzee Ruhaga halafu Mama Odilia, aliyejiunga mwisho. Vidole vinaruka. Bi Mwanaidi akauliza kutoka jikoni, "Umefunga masinia yote?" Nikajibu, "Nimefunga!" Sikuwa nimeangalia. Nikaprinti nakala mbili, moja ya mzee, moja ya Mama Odilia.

Mzee Ruhaga aliitazama yake muda mrefu, halafu akatabasamu, akaikunja vizuri sana, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Mama Odilia naye akaangalia ya kwake. Kidole chake kikaenda chini, chini, kikasimama.

"Binti, mbona mimi nimeingia ndani?"

Honi ikalia tena. Nikatupa jicho. Niliona kitu hakijakaa sawa, hilo sitalificha. Nikamwambia, "Ndiyo mtindo wake, mama. Kompyuta inapanga yenyewe."

Akaniamini. Akapanda gari.

Nimeandika mambo mengi kwenye zile daftari, mvulana niliyempenda, hofu ya matokeo, bei ya viatu, lakini siku ile nimeandika mstari mmoja tu: "Leo nimetoa kazi yangu ya kwanza ya mtandaoni." Huwa naufunika kwa kidole nikifika hapo.

Alirudi baada ya wiki mbili, asubuhi, vumbi jekundu mpaka magotini. Hakugomba. Angegomba ningepata pa kujitetea. Alikaa kwenye benchi, akafungua ile karatasi magotini kwake, akaeleza taratibu. Barazani Mzee Ruhaga alikuwa ametoa nakala yake, akawaambia wazee, someni wenyewe. Sasa, kule kijijini kuna daftari la kaya. Mkuu wa kaya anaandikwa pembeni kabisa, na mtendaji anamwekea nukta ya wino mbele ya jina. Wategemezi wake wanaandikwa chini yake, wamesogezwa ndani, bila nukta. Kila mtu kijijini anajua kusoma hilo daftari, hata asiyejua kusoma kitu kingine, kwa sababu ndilo linalosema nani anapewa mbolea na nani anaitwa mkutanoni. Wazee wakasoma ukurasa wangu vilevile. Ruhaga, nukta nyeusi, pembeni. Chini yake, ndani: asali. Nta. Mizinga ya magogo. Odilia.

"Kidoti changu kitupu," Mama Odilia akasema. "Kama cha nta. Wakaniuliza nani ameandika, nikasema kompyuta ya mjini. Wakauliza kompyuta inajuaje, nikasema inapanga yenyewe. Si ndivyo ulivyoniambia? Wakatazamana. Mmoja akasema, basi hata huko mjini wanajua. Wameahirisha, Alhamisi wanamaliza."

Nikafungua faili. Pale chini ya Mzee Ruhaga, baada ya mizinga ya magogo, palitakiwa mstari mmoja mfupi wa kufunga sinia dogo. Haukuwepo. Jina lililofuata likaangukia ndani yake. Na kompyuta haikulalamika hata kidogo, ilionyesha tu nilichoiambia. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsubiri apige kelele, nikajikunja kabisa.

"Kusahau kufunga, hata mimi nasahau," akasema. "Lakini mwenzio alikuonyesha kwa kidole. Alikuonyesha, Editha."

"Nitaprinti nyingine sasa hivi, ampelekee."

"Akifika nayo watasema kaja kuitengeneza mjini. Utakwenda wewe. Kompyuta yangu utaibeba, na maneno utayabeba mwenyewe."

Nikalia. Nikasema watu watasema duka letu linaharibu kazi, wateja watahama. Akajibu wakihama watarudi, mashine ya fotokopi nyingine iko mbali, na akaenda kuchambua mchele.

Alhamisi nilipanda bodaboda, kompyuta nimeifunga kwenye kitenge kifuani. Baraza lilikaa kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee saba walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu, na ubaoni palikuwa bado na hesabu za mtu fulani za jana. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu wamejaa madirishani. Waliposalimiana, na walisalimiana kweli, mikono inapigwa taratibu, hali ya huyu, hali ya yule, mimi nilikuwa naangalia betri. Nilitamani kupiga kelele. Halafu nikakumbuka ile honi, nikapiga mikono na wenzangu.

Nikasimama. "Ile karatasi nimeandika mimi," nikasema. "Kompyuta haipangi yenyewe. Nilimwambia Mama Odilia inapanga yenyewe kwa kuwa nilikuwa na haraka. Nilidanganya. Nilisahau mstari mmoja."

"Mstari gani?" mwenyekiti akauliza.

Nikaweka kompyuta kwenye dawati, wakasogea wote, harufu ya moshi na mvua. Nikawaonyesha ukurasa, jina la Odilia limekaa ndani na kiduara kitupu. Nikafungua yale maandishi ya nyuma, nikaandika mstari, nikahifadhi, nikaufungua ukurasa upya. Jina lake likatoka. Likaja pembeni kabisa, sambamba na Ruhaga, na kidoti cheusi.

"Yoo!" mtu akasema dirishani. "Katoka!"

"Mmeona?" Mzee Ruhaga naye akasimama, na hapa lazima niseme hakuwa mjinga. "Mmeona wenyewe? Kabinti kanagusa, mtu anaingia, kanagusa, mtu anatoka. Wiki iliyopita niko juu, leo kamepita nyumbani kwa huyu mama kunywa chai, nimeshuka. Ipi ya kweli?"

Watu wakanong'ona. Nami nilijua amesema sawa. Mwenyekiti wa baraza akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Binti, unaweza kumweka Ruhaga chini ya Odilia?"

"Naweza."

"Muweke."

Nikamuweka. Nilipanga Odilia juu, nikatandika sinia dogo chini yake, nikaandika asali, nta, Ruhaga. Nikaonyesha. Darasa zima lilipasuka. Kuna mama alicheka mpaka akakaa chini. "Ruhaga wamekuoa!" mtu akapiga kelele kutoka nje. "Odilia, mnunulie shati!" Mzee Ruhaga akatazama jina lake, lile duara tupu mbele yake, na nikaona shingo yake imekaza. Niliona haya, sijui kwa nini mimi. Alikuwa mtu mzima.

"Mrudishe," Mama Odilia akasema.

Kelele zikapungua.

"Mrudishe pembeni, binti. Mimi sikuja hapa kuweka mtu chini yangu. Ni kaka wa mume wangu, anastahili nukta yake. Nataka na yangu, basi."

Nikamrudisha. Mwenyekiti wa baraza akangoja mpaka majina yote mawili yamekaa sambamba, akachukua ile nakala ya Mzee Ruhaga, akaikunja, akampa mwenyewe. "Karatasi hii inasema alichotaka mwandishi wake," akasema. "Imesema juzi, imesema leo, imesema mara tatu. Tuiache. Mizinga ina alama. Twendeni tukaone alama."

Tukaenda, baraza lote na madirisha yote. Kule kila mfugaji anachonga alama yake kwenye mzinga, na huwezi kuifuta bila kuharibu gogo. Ya marehemu ilikuwa mikato miwili iliyopishana. Kwenye mizinga yake, chini ya ile mikato, kulikuwa na mkato mwingine mfupi, mpya, wa Mama Odilia, aliokuwa anaukata kila aliporina. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Halafu mizinga mipya, ina mkato wake peke yake. Ya Mzee Ruhaga ilikuwa duara, nayo ilikuwa kwenye miti yake, ng'ambo ya kijito, hata mmoja haukuvuka. Mzee mwenyewe alikuwa wa kwanza kuuona ule mkato mpya. Akasimama chini ya mti mmoja mikono nyuma, akaangalia juu muda mrefu, akasema kwa Kiha kitu ambacho nitakiweka hivi: mdogo wangu alikuwa anakata alama vibaya, huyu anakata vizuri. Baraza likaandika sehemu ile ni ya Mama Odilia na watoto wake. Mzee Ruhaga akasema "Ego," ndiyo, na msimu uliofuata nilisikia alimkopesha ngazi.

Matokeo yangu yalitoka baadaye, daraja la tatu, siku ambayo nilikuwa naelekeza mtu kukaa wima kwenye kitambaa cha buluu. Nilipiga kelele tena, sikujua ya furaha au ya nini. Bi Mwanaidi akavunja nazi ya mwisho. Mwaka mwingine mumewe akahamishwa, wakarudi zao pwani, na mimi nikaja Kibondo, na kazi yangu mpaka leo ni kutengeneza kurasa za vikundi vya watu wa asali, wa kahawa, wa maharage. Siku hizi kuna vitu vinavyokufungia vyenyewe. Mimi bado nafunga kwa mkono. Na mtu akiniwekea kidole kwenye jina lake, hata gari lipige honi mpaka liishiwe, nasimama naangalia.

Juzi, kabla hajaondoka, Mama Odilia alivaa viatu halafu akavivua tena. Akasema kuna jambo limemleta, si asali tu. Binti yake mkubwa kamaliza shule, kachonga mizinga yake ya kwanza, kikundi kimempokea. Anataka jina liingie kwenye ukurasa. Nikawasha kompyuta, nikauliza alama ya binti ni ipi, akaichora hewani kwa kidole. Nikauliza nimwandike wapi, kwa vile ni mtoto wake, bado yuko nyumbani kwake, nimweke chini yake?

"Chini ya nani?" akasema. Akasogeza kile kiti alichokikataa alipofika, akakaa, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na kioo. "Pembeni. Muweke pembeni, na kidoti chake cheusi. Halafu ufunge, nikuone."

Nikafunga. Alinitazama mpaka mwisho.